Usipofika salama, nani atakuwa wa kwanza kujua?

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 20, mwaka 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, wilayani Ukerewe, mkoani Mwanza. Mchana wa siku hiyo kivuko cha MV Nyerere kiliondoka hapo kwenda kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa watu waliotoka gulioni pamoja na mizigo yao.

Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati ya Bwisya. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha katika chombo kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101.

Tangu saa za kwanza za uokoaji, kulikuwa na swali lililokosa jibu: ndani ya kivuko walikuwamo watu wangapi, na ni akina nani? Hapakuwa na orodha ya uhakika ya abiria. Ndugu walimiminika ufukweni wakiuliza habari za watu wao.

Miaka sita baadaye, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, biashara zikiwa zimekwisha kuanza. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa na watu zaidi ya 20 walifariki dunia.

Kariakoo ni mahali ambako mfanyabiashara wa Kahama, wa Songea na hata wa Lubumbashi huingia duka moja kwa dakika kumi, akachagua mzigo, akahamia duka jingine. Nani nyumbani kwake anajua yuko mtaa gani saa hiyo? Wengi wetu, jibu ni hakuna.

Makala haya yanahusu jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo hulichukulia kuwa la watu wa maofisini: kuwa na mtu mliyekubaliana kwamba atajua uko wapi, atasubiri taarifa yako kwa saa maalumu, na atachukua hatua asipoipata. Tumwite mtu wa dharura.

Mwajiriwa hujaza fomu siku ya kwanza kazini na kuandika jina la ndugu wa kuwasiliana naye. Mchuuzi wa dagaa anayetoka Mwaloni Kirumba, mnunuzi wa mahindi anayelala Kibaigwa akisubiri bei, au mkulima wa mpunga anayekaa shamba la mbali miezi mitatu, hana fomu ya namna hiyo. Anaye mtu kichwani tu, na mara nyingi mtu mwenyewe hajui kama amechaguliwa.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Mwenza si lazima awe wa kwanza

Ukimuuliza mtu yeyote atakutajia mke, mume au mama mzazi. Ni majibu ya moyoni, si ya kazi. Kazi ya mtu wa dharura ni kutulia, kupiga simu tano au sita kwa mpangilio, kuandika anachoambiwa na kwenda kituo cha polisi ikibidi. Mama mwenye presha ambaye akisikia neno "ajali" anaanguka yeye mwenyewe hafai kupewa kazi hiyo, hata kama ndiye anayekupenda kuliko wote.

Vilevile, kama wewe na mwenza wako mnafanya biashara moja na mnasafiri pamoja, mtu huyo hawezi kuwa msaada. Likikupata wewe, limempata na yeye. Kanuni hiyo ni hiyohiyo kwa rafiki mnayekwenda naye mnadani kwenye lori moja.

Yapo mambo ambayo watu hawapendi kuyasema hadharani, lakini gazeti lisiposema nani atasema? Mtu wa dharura lazima awe yule ambaye huna sababu ya kumdanganya. Ukimwambia mwenza wako umelala Morogoro kumbe uko Gairo, kwa sababu zako unazozijua, siku ukipata tatizo msako utaanzia Morogoro. Saa za thamani zitapotea kuulizia nyumba za wageni ambazo hukukanyaga.

Kama ndani ya nyumba hakuna uhuru wa kusema ukweli wa safari, chagua mtu mwingine: dada, kaka, shemeji, mwenzako wa kikoba, au jirani wa kibanda sokoni. Wapo pia wenza wanaogeuza jambo hili kuwa ulinzi wa ndoa, wakitaka taarifa kila nusu saa na picha juu. Matokeo yake msafiri huzima simu, na simu iliyozimwa kwa hasira huwezi kuitofautisha na simu iliyozimwa na majambazi.

Anayefaa ni mtu mwenye simu yake mwenyewe, si ile inayozunguka nyumba nzima huku watoto wakicheza nayo. Awe mahali penye mtandao na umeme wa kuchajia, au awe na kitochi ambacho chaji yake hukaa siku tatu. Awe na kawaida ya kuwa na salio. Mtu ambaye maisha yake yote anabipu hawezi kukutafuta, kwa sababu polisi na hospitali hawabipiwi.

Aidha, awe anaweza kuondoka. Mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa macho saa 9 usiku, lakini hawezi kuacha lindo. Mwenye bodaboda anaweza kwenda popote, lakini akiwa barabarani hasikii simu. Kwa sababu hiyo wengi watahitaji watu wawili: mmoja wa kupokea taarifa, mwingine wa kwenda. Hao wawili wawe na namba za wenzao, la sivyo mmoja atasubiri mwingine.

Kuna jaribio rahisi la kumjua anayefaa. Kabla hujamchagua, mpigie siku moja saa 5 usiku, siku nyingine alfajiri. Asipopokea mara zote mbili na asikupigie mpaka kesho yake mchana, endelea kumpenda kama ndugu, lakini kazi hii mpe mwingine.

Ukishampata, mwombe. Usimchague kimyakimya. Ana haki ya kukataa, na ni afadhali akatae leo mkiwa mnakunywa chai kuliko siku ya tukio.

Namba asiyoijua

Ukiwa umelazwa hujitambui, simu yako haitampigia mtu. Atakayepiga ni muuguzi, askari, kondakta au msamaria mwema, na atatumia namba yake. Mtu wa dharura asiyepokea namba ngeni hana maana.

Siku hizi tatizo hili limekuwa kubwa. Watu wengi wameacha kupokea namba wasizozijua kwa kuwakwepa wadai wa kausha damu na wale wa mikopo ya simu, ambao humsumbua hata mtu ambaye hakukopa, ili mradi namba yake imo kwenye simu ya aliyekopa. Muulize mtu wako swali hilo waziwazi. Kama ana madeni yanayomfanya aogope simu, siku ya safari yako atakuwa anaogopa simu yako pia.

Kuna suala la muuguzi au askari huyo kuipata namba yenyewe. Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa nchini Uingereza, Bob Brotchie, alihimiza watu wahifadhi namba ya ndugu yao kwa jina la ICE, herufi zinazosimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wakati wa dharura". Wazo hilo lilienea haraka baada ya milipuko ya London ya Julai 7 mwaka huohuo.

Wakati ule simu zilikuwa hazifungwi. Leo simu nyingi zina neno la siri au alama ya kidole, na askari aliyeikuta mfukoni mwako hawezi kuona chochote. Simu janja nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila neno la siri; mwombe kijana wa dukani akuonyeshe ilipo kwenye yako na uijaze. Mwenye kitochi kisichofungwa aandike tu jina "DHARURA" mbele ya jina la mtu, mfano "Dharura Kaka". Jina kama "Mpenzi" au "Bosi" halimsaidii mgeni.

Hata hivyo, simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa na mwizi na cha kwanza kupasuka kwenye ajali. Karatasi haijapitwa na wakati. Andika majina yako, namba mbili za simu na kijiji chako, ifunike kwa plastiki kwenye duka la steshenari, kisha iweke mahali tofauti na pochi ya fedha. Wengine huiweka ndani ya kava la kitambulisho, wengine hushonea mfuko wa ndani ya suruali. Kinamama wanajua wenyewe pa kuweka.

Na kabla ya yote hayo, kariri namba mbili. Zamani kila mtu alikuwa na namba kumi kichwani. Leo mtu ananyang'anywa simu stendi, anaazimwa nyingine na msamaria, halafu anabaki ameikodolea macho kwa sababu hata namba ya mkewe haijui.

Mama Neema ni nani?

Ukiwa sokoni unaitwa Mama Neema, Babu Mchele, Mzee wa Vitunguu au Mchaga. Jirani yako wa kibanda amekufahamu miaka minane na hajawahi kusikia jina lako la pili. Sasa anafika mapokezi ya hospitali au kaunta ya polisi anaulizwa, "Jina kamili la mgonjwa?" Anajibu, "Mama Neema." Hapo hapana msaada.

Mtu wako wa dharura awe na majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Awe anajua umri wako, kijiji na kata unayotoka, alama inayokutambulisha kama kovu au jino lililotoka, na namba ya kadi ya bima ya afya kama unayo. Ajue pia kama una kisukari, presha, pumu au kifafa, na dawa unazotumia. Haya hayapaswi kusubiri msiba.

Jambo jingine ambalo wachuuzi wengi hawalifikirii ni orodha ya watu wa njiani. Mtu wa dharura akishakukosa kwenye simu atampigia nani? Mpe namba ya mwenyeji wako kule unakokwenda, ya nyumba ya wageni unayozoea, ya wakala wa basi, ya dalali wa mnadani, ya dereva wa lori. Kama unakwenda Pugu na ng'ombe kutoka Dodoma, dereva wa lori na dalali wa mnada ndio watakaojua mapema kuliko mtu yeyote kwamba kuna jambo.

Wanakijiji wana bahati ambayo watu wa mjini hawana: mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Namba ya mtendaji wa kule unakolima, kama si kijiji unachoishi, iwe kwa mtu wako. Akipigiwa yeye, mtu wa kwenda shambani kuangalia atapatikana siku hiyohiyo.

Ajue njia, asijue fedha

Hapa pana mtego, nao ndio unaowafanya wafanyabiashara wengi wawe wasiri kupita kiasi. Wanasema, na wana haki ya kusema hivyo, kwamba anayejua safari yako ndiye anayeweza kukuuza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jibu lake si kunyamaza. Jibu ni kutenganisha habari mbili. Mtu wa dharura anahitaji kujua unakwenda wapi, kwa chombo gani, utafika saa ngapi na utalala wapi. Hahitaji kujua umebeba shilingi ngapi, umezificha wapi, wala kama mzigo umeuzwa taslimu au kwa simu. Akikuuliza mara kwa mara habari za kiasi cha fedha, umekwisha kupata taarifa muhimu kuhusu yeye.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayekudai au unayemdai fedha nyingi si chaguo zuri. Wala mshindani wako wa biashara, hata kama mnataniana vizuri. Wala kibarua uliyemwajiri juzi.

Na kama unaogopa mtu mmoja kujua safari yako, basi acha kuitangaza kwa watu mia tatu. Wapo wanaoficha ratiba kwa ndugu zao lakini wanapiga picha tiketi ya basi na kuiweka kwenye WhatsApp wakiandika "Dar naja". Simu ya mkononi imeleta maajabu.

Wakala wa fedha kwa simu ana hatari yake ya kila siku, nayo ni ile dakika ya kufunga kibanda usiku. Kwake mtu wa dharura ni yule anayemtarajia nyumbani kwa saa ileile kila siku, pamoja na jirani wa kibanda cha pili. Abadilishe njia na saa ya kufunga, lakini mtu wake ajue mabadiliko hayo kabla hajazima taa.

Saa ya taarifa na saa ya wasiwasi

Makubaliano mengi huishia kwenye maneno "nitakupigia nikifika". Hayo si makubaliano. Utafika saa ngapi? Usipopiga asubiri mpaka lini? Nyumbani wanakaa mpaka saa 4 usiku wakijipa moyo kwamba chaji imekwisha, wanalala, wanaamka asubuhi bado wanajipa moyo.

Mpango unaofanya kazi una saa mbili. Ya kwanza ni saa ya taarifa. Ya pili ni saa ya wasiwasi, ambayo ikipita bila taarifa yoyote mtu wa dharura anaanza kazi bila kuomba ruhusa ya mtu. Tuseme umepanda basi la asubuhi Mbeya kwenda Dar es Salaam na unatarajia kufika saa 2 usiku. Saa ya taarifa ni saa 3 usiku. Saa ya wasiwasi inaweza kuwa saa 5, kwa kuwa mabasi huharibika na foleni ya kuingia jijini inajulikana. Kwa bodaboda ya kilomita sita usiku, muda wa kusubiri hauzidi nusu saa.

Ukiona utachelewa, tuma ujumbe kabla ya saa ya taarifa. Msafiri anayesahau mara tatu anamfundisha mtu wake kupuuza, na mara ya nne ndiyo huwa ya kweli.

Meseji ya kuondoka iwe fupi na yenye vitu vya kushika: jina la kampuni ya basi na namba za usajili, namba ya kiti, ulipopandia. Kwa bodaboda, tuma namba ya pikipiki kabla hujapanda, na umwambie dereva kwa ucheshi kwamba umeituma. Dereva mwema hatakasirika.

Tangu Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, wafanyabiashara wengi wanapanda jioni ili waamkie sokoni. Ni faida ya siku nzima ya biashara, lakini maana yake saa ya taarifa inaangukia alfajiri. Mtu wako awe mwamkaji. Mtu wa kuswali alfajiri au mkamuaji wa maziwa ni chaguo zuri kuliko kijana anayeamka saa 3.

Meseji ya kawaida ina faida moja ambayo haizungumzwi sana: hupita mahali ambapo mtandao ni hafifu kiasi kwamba simu ya sauti inakatika, nayo husubiri ikafika mtandao ukirudi. Usitegemee WhatsApp peke yake, kwani bando likiisha nayo imekwisha. Hata kule kubipu kwa zamani kunaweza kupewa maana: bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie. Bipu haigharimu kitu na haihitaji bando.

Wekeni pia neno moja la siri. Majambazi wamewahi kumlazimisha mtu apokee simu na kusema yuko salama. Mkikubaliana kwamba ukiuliza habari za mnyama au mtu ambaye hayupo, mfano "yule mbuzi mweusi amezaa?", wakati hujawahi kufuga mbuzi, mtu wako ataelewa na atajibu kwa utulivu kabla ya kuwapigia polisi.

Shamba lisilo na mtandao

Mkulima anayelala kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya nguruwe pori na ndege, au anayepulizia dawa peke yake ng'ambo ya mto, hawezi kutuma meseji mahali ambapo simu haishiki. Kwake mtu wa dharura wa kwanza ni jirani wa shamba, si ndugu wa mjini.

Kinachowezekana ni kupeana zamu ya kuonana: asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla ya giza, kila siku, hata kama mmegombana juu ya mpaka. Anayepulizia dawa aseme anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi, na amwachie jirani jina la dawa au chupa tupu yenye lebo, kwa sababu daktari atataka kujua ni dawa gani. Anayeumwa na nyoka hahitaji kukimbia. Anahitaji mtu wa kwenda kuita usafiri.

Mara nyingi kuna kilima au mti ambapo mtandao unapatikana, na kila mkulima wa eneo hilo anaufahamu. Pangeni mtu mmoja kila jioni apande hapo na atume meseji moja kwa niaba ya mashamba yote. Vijiji vyenye sungusungu imara vinaweza kuliingiza jambo hili katika doria bila gharama yoyote.

Taarifa ikikosekana

Saa ya wasiwasi imepita. Mtu wa dharura apige simu mara mbili, atume meseji moja, kisha aende kwenye orodha ya watu wa njiani. Aandike saa na jibu la kila aliyempigia. Asiweke tangazo mtandaoni wala kumweleza kila mtu kabla ya hapo. Taharuki huleta simu nyingi zisizo na msaada na kuifanya laini ishindwe kupatikana.

Asipopata jibu, aende polisi. Imani kwamba lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti mtu aliyepotea imewagharimu wengi. Anayekwenda na majina matatu, picha ya karibuni, nguo ulizovaa, namba za basi na saa ya mawasiliano ya mwisho atasikilizwa tofauti na anayekwenda kulia tu. Aombe namba ya RB na aitunze.

Namba ya polisi kwa dharura nchini ni 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukiwa Kenya au Uganda piga 999 au 112.

Kama umepatikana umejeruhiwa kwa ajali au kushambuliwa, hospitali itahitaji fomu namba 3 ya polisi, maarufu PF3. Majeruhi wa hali mbaya anapaswa kuhudumiwa kwanza na fomu ikafuata, lakini mtu anayejua utaratibu huo akiifuatilia mapema kituoni hukupunguzia usumbufu mkubwa, pamoja na ule wa madai ya bima ya chombo baadaye. Kama umeibiwa simu, mtu huyohuyo ndiye wa kukusaidia kuwasiliana na huduma kwa wateja ili laini ifungwe kabla akaunti yako ya fedha haijakombwa.

Kisha kuna matapeli. Mchezo wao unajulikana: simu inapigwa na mtu mwenye sauti ya haraka, anajitambulisha kuwa daktari au askari, anasema ndugu yako amepata ajali mbaya na inahitajika fedha ya damu au ya upasuaji sasa hivi, tuma kwenye namba hii. Mtu wa dharura ndiye mlengwa mzuri wa mchezo huo kwa sababu tayari amejiandaa kusikia habari mbaya.

Asitume fedha kwa simu ya kwanza. Aulize jina la hospitali na wodi, akate, atafute namba ya hospitali au ya mtu anayeishi karibu nayo na ahakikishe. Aulize pia swali ambalo jibu lake mnalijua ninyi wawili tu, mfano jina la utani la marehemu bibi. Kama mgonjwa anaweza kuongea, atalijibu. Kama hawezi, mtu wa karibu aende wodini amwone kwa macho.

Kwa wanaovuka mipaka, mwambieni mtu wenu kabla ya kufika Tunduma, Namanga au Sirari kwamba laini inaweza kunyamaza. Mkishanunua laini ya upande wa pili, taarifa ya kwanza itoke kwenye namba hiyo mpya ikiwa na lile swali lenu la siri ndani yake. Mkumbuke pia kwamba Kenya na Uganda saa ni zetu, lakini Zambia, Malawi na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa moja. Andikeni kabisa kwenye meseji: saa 2 usiku ya nyumbani.

Suala la malipo huulizwa na wengi. Mtu wa dharura halipwi mshahara, lakini si haki atumie salio lake kila unaposafiri. Mwekee bando kabla hujapanda gari, na ukirudi na mzigo mzuri usimsahau kwa kilo ya sukari. Kila baada ya miezi sita mpigie kuhakikisha hajabadili laini, na wewe kama umebadilisha, ichane ile karatasi ya zamani uandike nyingine.